Sketi ya Camilla

Siku Kaisu Lempinen alipomwona Tarmo kwa mara ya kwanza, Tarmo alikuwa amepiga magoti mbele ya bibi harusi.

Ilikuwa Jumamosi ya Juni, na Uwanja wa Seneti ulikuwa umejaa hadi pa kukanyaga hapaonekani. Watalii walikuwa wamekaa kwenye zile ngazi ndefu za Kanisa Kuu wakila aiskrimu, shakwe wakiwavizia, na juu yao kanisa zima lilikuwa linawaka kwa weupe chini ya kuba lake la kijani. Kaisu alikuwa dereva wa tramu. Alilipita kanisa hilo kutwa kucha, mwaka nenda mwaka rudi, na hakuwahi kutia mguu ndani. Ndivyo tulivyo watu wa Helsinki, kanisa letu tumewaachia wageni. Siku hiyo aliingia kwa sababu moja tu. Shangazi yake, Elvi, alikuwa amekuja kutembea kutoka Iisalmi, na shangazi Elvi akitaka jambo, huwa halina mjadala.

"Yaani unaishi mji huu na hujui humo ndani kukoje?" shangazi alisema wakipanda ngazi, akihema. "Ukiulizwa mbinguni utajibu nini? Kwamba ulikuwa unaendesha tramu?"

"Shangazi, hifadhi pumzi. Ngazi bado."

Ndani kulikuwa na baridi na utulivu. Kuta nyeupe, nguzo nyeupe, taa kubwa za vioo zikining'inia, na mapambo ya kuhesabu. Shangazi Elvi alizungusha macho, uso wake ukaonyesha mtu aliyepunjwa.

"Mbona peupe hivi? Nimepanda ngazi zote zile kuja kuona ndani ya jokofu?"

"Punguza sauti, shangazi. Hili ni kanisa."

"Anayesikia ni nani? Luther?" Alimwelekezea kidole Luther wa mawe aliyesimama pembeni. "Huyo mwenyewe alikuwa mkali wa mdomo kuliko mimi."

Hapo ndipo Kaisu alipogeuka kuona kama kuna mtu kawasikia, akamwona mwanamume mrefu mwenye suti nyeusi, nywele rangi ya majani makavu ya ngano, masikio mekundu, amepiga magoti karibu na mlango. Alikuwa na pini mdomoni na mikono yake ilikuwa inashughulikia pindo la gauni la harusi kwa upole ambao Kaisu hajapata kuuona kwa mwanamume. Bibi harusi alimtazama kutoka juu, akamshika bega ili asianguke. Kaisu akahisi kitu kinamchoma chini ya kifua. Mwanamume hamjui, mwanamke hamjui, na wivu tayari umemshika! Wengine huanza kwa kupenda, wivu ukafuata nyuma. Kaisu yeye alitanguliza wivu.

"Bwana harusi gani huyu anayeshona gauni la mke wake mlangoni?" shangazi Elvi aliuliza, na sauti yake ikapanda hadi kwenye kuba.

Yule mwanamume alitoa pini mdomoni. "Bwana harusi yuko nje anatapika, mama. Ni woga tu. Mimi ni mtunza kanisa."

Kaisu alishusha pumzi, mwenyewe asijue kwa nini alikuwa ameizuia. Mtunza kanisa alisimama, akapangusa magoti, akamtazama usoni, akatabasamu.

"Wewe nakujua. Wewe ndiye unayenifungia mlango wa tramu kila asubuhi."

"Mimi?"

"Nagonga kioo, unaondoka. Nabaki nimeshika mkate wangu."

"Tramu ina ratiba, bwana."

"Na mimi nina mbio. Hazitoshi tu."

"Basi kesho kutwa anza kukimbia mapema."

"Basi kesho kutwa nisubiri."

Jumatatu yake Kaisu alisubiri. Abiria walinung'unika, mzee mmoja aligonga dirisha kwa fimbo, na Tarmo akaja mbio na mkate mdomoni, akapanda, akamwinamia kupitia kioo cha chumba cha dereva. Kuanzia siku hiyo tramu ile ilikuwa inachelewa kidogo kila asubuhi, na hakuna abiria aliyepewa sababu.

Mapenzi yao yalishika moto upesi. Majira ya kiangazi walikula samaki wadogo wa kukaanga kwenye soko la bandarini, wakioga jua la usiku lisilotaka kuzama. Majira ya vuli Kaisu alinunua koti la sufu la kijani kibichi lililoukaa mwili wake mfupi, mnene kiasi, kana kwamba limeshonewa yeye, na Tarmo akamwambia, "Usivae rangi nyingine tena. Hii imekupata." Tarmo hakuwa mtu wa maneno mengi. Kwetu mwanamume akikwambia hivyo mara moja, umesifiwa kwa mwaka mzima.

Lakini kazi ya Tarmo ilikuwa mtihani. Kila Jumamosi mabibi harusi walipangana pale kanisani kama tramu kituoni, na kila mmoja alikuwa na shela ya kunyooshwa, mkufu wa kufungwa, chozi la kufutwa. Tarmo akija kwake jioni, Kaisu humnusa kola.

"Leo ni waridi," anasema.

"Leo walikuwa wanne. Sijui waridi ni la yupi."

"Hujui! Umewakumbatia hadi umewasahau."

Hao hata hivyo walikuwa wa kupita, wanaondoka na waume zao. Aliyebaki alikuwa Camilla Stenroth.

Camilla aliimba kwenye kwaya ya kanisa, sauti ya juu kuliko zote. Alikuwa mrefu, mweupe wa theluji mpya, mdomo umepakwa rangi ya beri, shingoni manyoya ya mbweha aliyorithi kwa bibi yake. Alitoka katika zile familia za zamani zinazozungumza Kiswidi na kukaa karibu na bahari. Alicheka kwa kurusha kichwa nyuma. Na alikuwa na mazoea ya kumtoa Tarmo vijivumbi begani, hata pasipo na kivumbi. Kaisu aliliona hilo mara moja tu, kwenye ibada ya Majilio, na usingizi ukamkimbia.

"Uko wapi?" alimpigia Tarmo jioni moja.

"Kanisani, dhahabu yangu."

"Na nani?"

"Na Luther."

"Nasikia mwanamke anacheka. Luther kaanza lini kucheka hivyo?"

"Ni Camilla. Wako kwenye mazoezi."

"Mazoezi ya kucheka?"

"Ya Krismasi, Kaisu."

"Amesimama mbali na wewe kiasi gani? Nauliza tu."

Tarmo alikata simu, akapanda tramu, akaja hadi kwake Kallio na theluji begani. Hakukasirika. Alivua viatu mlangoni, akaketi jikoni, akasubiri kahawa ichemke, akanywa ya kwanza kimya kama ilivyo desturi, kisha akasema.

"Sikuambii uache wivu. Najua huwezi. Shangazi yako kaniambia ni ugonjwa wa ukoo, bibi yako alikuwa anamwonea wivu ng'ombe. Nakuomba kitu kimoja tu. Ukiona jambo, niulize. Usijijibu mwenyewe. Mimi nitakujibu, hata likiwa baya."

"Hata likiwa baya?"

"Hata likiwa baya. Niahidi."

"Naahidi," alisema Kaisu, na alimaanisha kwa moyo wote. Kuuliza si ujinga, alijiambia. Mbona ni jambo jepesi?

Mwaka ulipogeuka, ulikuwa ni ule mwaka wenye Februari ndefu. Shangazi Elvi alipiga simu mapema Januari, kabla hata ya kumtakia heri.

"Mtoto wewe, umeangalia kalenda?"

"Nimeiangalia, shangazi."

"Tarehe ishirini na tisa ipo mwaka huu. Haiji tena hadi miaka minne ipite. Siku hiyo mwanamke anaruhusiwa kuposa. Huyo mtunza kanisa wako ni mwanamume wa Kifini, ukimsubiri aseme yeye utazeeka ukiwa kituoni."

"Na akikataa?"

"Akikataa si unajua? Atakununulia kitambaa cha sketi. Ndiyo faini yake tangu enzi za mababu. Mimi mwenyewe ninazo sketi mbili za namna hiyo, na bado niko hai."

Kaisu alicheka, lakini usiku hakulala. Aliona mbele yake ngazi zile nyeupe, Tarmo amesimama juu, na yeye anapanda amevaa koti lake la kijani. Hakutaka kitu kingine duniani. Alimpangia Tarmo miadi bila kumwambia sababu: jioni ya tarehe ishirini na tisa, baada ya kazi, ngazi za kanisa. Tarmo akasema, "Sawa."

Asubuhi ya siku yenyewe, akifunga kamba za viatu kwenda kazini, simu ililia.

"Usinikasirikie," shangazi alianza, na Kaisu akakasirika papo hapo. "Jana nilimpigia Tarmo. Nimemwambia avae vizuri, basi. Sikusema zaidi."

"Shangazi!"

"Mtu asikutwe na ovaroli siku ya kuposwa!"

"Kwa hiyo anajua?"

"Si mjinga yule. Anajua."

Kaisu aliendesha tramu asubuhi hiyo moyo ukimwenda mbio. Anajua. Basi anafikiri nini? Amefurahi? Ameshtuka? Saa za mchana, kwenye kituo cha Hakaniemi, alitazama kioo cha pembeni na kumwona Tarmo mwenyewe akitoka kwenye duka la vitambaa, amekumbatia bunda la karatasi. Alipanda kwa mlango wa kati bila kujua dereva ni nani, akaketi, akafungua karatasi kidogo, akapapasa kilichomo. Kilikuwa kitambaa cha sufu, cha kijani kibichi, rangi ile ile ya koti la Kaisu.

Kwa watu wa mji mwingine mtu mwenye kitambaa ni mtu mwenye kitambaa. Kwetu sisi, mwanamume akionekana na kitambaa cha sketi siku hiyo, hata kichanga kinajua kuna mwanamke amekataliwa. Behewa zima lilianza kutabasamu. Mama mmoja alimtikisia Tarmo kichwa. Mzee wa kofia ya manyoya alimpiga piga begani, akamwambia neno, na Tarmo akacheka huku masikio yakimwiva.

Kaisu aliyaona yote kwenye kioo. Amejua, na jibu lake kalinunua mapema, ili jioni asichelewe. Hata rangi kachagua ya kumpendeza! Na kwa nini anakataa, kama si kwa ajili ya yule mwenye manyoya ya mbweha? Kwenye kituo cha Uwanja wa Seneti Tarmo alishuka, akapanda zile ngazi na bunda lake kwapani, na juu kabisa, mbele ya nguzo, Camilla alikuwa anamsubiri. Camilla akampokea kwa kicheko, kichwa nyuma. Basi hilo likatosha. Kaisu alipiga kengele ya tramu kwa nguvu hadi njiwa wakaruka, akaondoka.

Jioni hakwenda. Alizima simu, akakaa jikoni na koti lake la kijani mwilini, akalia hadi kola ikalowa. Asubuhi alimwandikia Tarmo: "Usinitafute tena. Kaa na kwaya yako."

Jibu lilikuja baada ya muda mrefu. "Sawa."

Neno hilo moja lilimuuma kuliko tusi. Hasira hasara, wamesema wahenga, na Kaisu alikuwa anailipa hasara yake kila asubuhi, maana Tarmo hakupanda tena tramu yake. Alikuwa anatembea kwa miguu, kola juu, akipita kando ya reli bila kugeuza shingo, na mkate hana. Shangazi Elvi alipiga simu, akapiga tena, akaambiwa, "Alinikataa, shangazi. Nisamehe, sitaki kuzungumza." Shangazi, kwa mara ya kwanza katika historia ya ukoo wao, akanyamaza.

Theluji iliyeyuka, barafu ikaondoka bandarini, na ikafika mkesha wa Mei Mosi, siku ambayo Helsinki nzima hutoka nje na zile kofia nyeupe za kumaliza shule, hata vikongwe. Kaisu alikuwa amemaliza zamu. Alisimama chini ya ngazi za kanisa na chupa ya sima, kile kinywaji chetu cha limau na sukari, akijaribu kufurahi kama wengine. Akainua macho.

Camilla alikuwa ameketi katikati ya ngazi kati ya wanakwaya, kofia nyeupe kichwani, mdomo mwekundu, na kiunoni sketi ya sufu ya kijani kibichi. Ndiyo kile kitambaa. Kaisu angekitambua hata gizani.

Damu ilimpanda. Kwa hiyo kumkataa haikutosha, na faini yake amepewa mwingine! Alipanda ngazi mbili mbili, akamsimamia Camilla mbele.

"Hiyo sketi ni yangu!"

Wanakwaya waligeuka kumtazama. Camilla alishusha andazi lake taratibu.

"Hujambo, Kaisu. Yako? Jaribu uone kama itapita hapo," alisema, akamtazama nyonga.

"Kitambaa hicho kanunua Tarmo."

"Kanunua Tarmo, ndiyo. Hakaniemi. Tena cha bei, sio cha kubahatisha."

"Siku ya ishirini na tisa."

"Siku hiyo hiyo." Camilla alimtazama kwa muda, na kicheko chake kikamtoka usoni. "Ngoja kwanza. Wewe ni Mfini au umetoka mwezini? Sketi hii unafikiri nimeipataje?"

Kaisu aliitazama tena ile sketi.

"Nilimposa," alisema Camilla, na sauti yake nzuri ilishuka chini. "Asubuhi ile, baada ya mazoezi, mbele ya hawa wote. Nilijifanya natania. Sikuwa natania. Akasema hapana, ana mtu. Nikamwambia basi lipa, leo leo, kushona nitajua mwenyewe. Akaenda mbio saa ya chakula. Mwanamke mwenye kitambaa hiki hakupendwa, mama. Ni aliyekataliwa. Nimeishona nikaivaa ili watu wacheke nami kabla hawajanicheka."

"Lakini... ni kijani."

"Ndiyo, ni kijani! Mimi nilitaka nyeusi. Akasema alipoulizwa dukani rangi gani inampendeza mwanamke, rangi aliyoijua ilikuwa hiyo moja tu." Camilla alivuta sketi magotini, akatazama pembeni. "Na jioni alisimama hapa hapa na suti ya marehemu baba yake, kwenye baridi ile, hadi pua ikawa bluu. Mchungaji ndiye aliyemwingiza ndani. Kwa hiyo usinipandishie sauti. Kitu nilichonyimwa mimi, wewe uliokota ukatupa. Nina haki ya kukuchukia, na leo sikukuu."

Kaisu alikaa. Alikaa pale pale kwenye jiwe, karibu na sketi ile, na chupa ya sima ikabiringika ngazi hadi chini. Alikumbuka jikoni, kahawa ya kwanza, na ahadi moja aliyoombwa.

"Sikumuuliza," alisema.

"Hukumuuliza," alisema Camilla, akamega andazi lake, akampa nusu.

Sikukuu ilipopita na maduka kufunguliwa, Kaisu aliingia katika duka lile la Hakaniemi, akanunua kitambaa cha suruali, sufu ya kijivu, nzito, ya kudumu. Muuzaji alimtazama kwa macho ya kuuliza. Kaisu hakumjibu. Alipanda tramu ya mwenzake akiwa abiria, akashuka Uwanja wa Seneti, akapanda ngazi na bunda kwapani, mwenye woga kuliko bwana harusi yeyote.

Tarmo alikuwa peke yake mbele, anapanga namba za nyimbo za Jumapili kwenye ubao. Alikuwa amekonda. Alimwona, mkono wake ukasimama hewani na namba yake.

"Umekuja kutazama kanisa?"

"Nimekuja kulipa."

"Kulipa nini?"

"Siku ile ulinisubiri, sikuja. Ni sawa na kukukataa. Anayekataa hulipa." Alimnyooshea bunda. "Ni cha suruali. Sketi nilidhani hutaivaa."

Tarmo hakutabasamu. Aliteremka kwenye kiti alichokuwa amesimamia, akafungua karatasi, akapapasa kitambaa kwa vidole kama alivyopapasa kile kingine ndani ya tramu. Kaisu akamweleza yote, maneno yakikimbizana, ya kioo cha tramu, ya mzee wa kofia, ya rangi, ya Camilla mbele ya nguzo.

"Ile tramu ulikuwa unaiendesha wewe?"

"Mimi."

"Na hukuuliza."

"Sikuuliza."

"Kitu kimoja nilikuomba, Kaisu. Kimoja."

"Najua."

"Nilisimama pale nje nikitazama kila mtu anayepanda ngazi. Kila koti la kijani." Alitazama mlangoni. "Kisha nikajiambia, amekwenda na yule dereva mwenzake. Yule wa masharubu. Nikawa nawaza masharubu usiku na mchana."

"Jouko? Jouko ana wajukuu!"

"Sikujua. Na mimi sikuuliza."

 Kundi la wageni liliingia, likazungukazunguka kwa minong'ono, likaanza kumpiga picha Luther. Tarmo aliupima uzito wa kile kitambaa mikononi mwake.

"Kizuri," alisema.

Moyo wa Kaisu ulishuka hadi sakafuni. Kwa desturi yetu, anayepokea kitambaa amekubali kukataliwa. Deni limelipwa, kila mtu ashike njia yake. Alijua hivyo alipokuwa akikinunua, na bado alikileta, kwa sababu alikuwa anadaiwa. Alimtazama Tarmo akikunja karatasi kwa utaratibu, kona kwa kona, na akajizuia asilie mbele ya wageni.

Tarmo alimrudishia bunda.

"Sikipokei."

"Kwa nini?"

"Nikikipokea yamekwisha. Camilla alikipokea, kwake yamekwisha. Mimi nimekataliwaje, na sijaulizwa bado?"

"Tarmo..."

"Leo ni Mei. Siku yake imepita. Nikisema hapana, sidaiwi hata uzi. Hilo ulijue kabla hujafungua mdomo."

"Najua."

"Basi uliza."

Mwanamke huyu alikuwa amejijibu maswali yake mwenyewe maisha yake yote. Alilikumbatia bunda lake la kijivu, akainua uso, akauliza.

"Tarmo, utakubali tuoane?"

"Ndiyo," alisema Tarmo. "Ndiyo, dhahabu yangu. Neno hilo nimelivalia suti tangu Februari."

Akamkumbatia pale pale chini ya ubao wa nyimbo, bunda likiwa katikati yao, na wageni wakamwacha Luther wakawapiga picha wao.

Harusi ilikuwa Jumamosi ya Agosti, katika kanisa lile lile, kati ya harusi nyingine mbili. Pindo la gauni la Kaisu alilibana bwana harusi mwenyewe, maana hakumwamini mwingine. Shangazi Elvi alikuja kutoka Iisalmi na sketi mpya ya sufu ya kijivu, kwa kuwa kitambaa kizuri hakitupwi, akatangaza kwamba safari hii hiyo ni ya tatu na ndiyo ya mwisho, na kwamba kanisa bado ni jokofu.

Nani aimbe, ndilo lililokuwa limeleta ubishi.

"Mwenye sauti ni mmoja tu," Tarmo alikuwa amesema.

"Aimbe. Lakini ile sketi aiache nyumbani."

"Mwambie mwenyewe."

Kaisu hakumwambia. Camilla aliimba, na aliimba vizuri hadi shangazi Elvi akatafuta leso. Na sketi aliivaa, ya kijani kibichi, imepigwa pasi, mbele kabisa, kila mtu aione. Kaisu aliiona tangu mlangoni. Akaubana mkono wa Tarmo, na wakaanza kutembea polepole kati ya viti kuelekea madhabahuni.

"Imempendeza," alinong'ona Tarmo, maskini, bila kufikiri.

"Nani kakuuliza?" alisema Kaisu.